Wimbo wa 1960 katika mkutano wetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafadhili, Kampemba

 

Tuliombwa kusema juu ya kazi ya kutembelea familia. Leo tutasema juu ya muziki, na mwishoni mtaona kama ni kazi ileile.

Sisi tunaozunguka na motokari kuandikisha watu, kuna albamu moja ilituingia kabisa: Kinshasa Succursale ya Baloji. Huyu ni mtoto wa hapa. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mdogo, akakulia Liège, akajulikana kwanza kwa rap. Kisha akarudi Kongo kurekodi na wanamuziki wa Kinshasa, na mwaka 2011 Crammed Discs ya Brussels ikaitoa ile albamu. Mtu alienda mbali, akarudi kutafuta alichoacha. Kwa chama kama chetu, hiyo si habari ya mgeni.

Ndani yake kuna wimbo unaoitwa Siku ya baadaye. Baloji amechukua Indépendance Cha Cha ya Joseph Kabasele na African Jazz, uliozaliwa Brussels mwanzo wa 1960, wakati wakubwa wetu walikuwa kwenye Meza ya Duara, na akaweka maneno yake juu yake. Ile gitaa nyepesi, ule mwendo wa cha-cha, ni kama nguo ya zamani iliyofuliwa na kupigwa pasi. Tuliupiga asubuhi mpaka mangaribi. Dereva akasema: "Mutaupiga mpaka kadi itaungua!"

Njo maana siku ya mkutano, pale Bel-Air, tuliupiga tena. Tuliona utafurahisha wazee. Vijana wakacheza. Mama mmoja akasimama, akabeba kiti chake, akatoka.

Tukamfuata. "Mama, ni makelele?"

"Hapana, bana bangu. Ule wimbo minaujua. Baba alikuwa anaupiga ku nyumba, mbele ya kutufukuza."

Tukakaa naye inje. Wimbo wa 1960 unataja Lumumba, Kasavubu, Tshombe, Kalonji, wote pamoja, kama watu wa nyumba moja. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza Katanga peke yake, na mwezi wa 8 Kalonji akatangaza Kasai ya Kusini. Mwaka 1961 maelfu ya watu wa Kasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa hapa Elisabethville. Mama alikuwa na miaka 7, alilala mule. Mwaka 1993 alifukuzwa mara ya pili, sasa na batoto wake, akaacha nyumba na vyombo. Miaka ikapita, akarudi.

Akatuambia: "Mu ule wimbo banaitana majina muzuri. Siye, majina njo ilitufukuzisha."

Tulipata haya. Tumesoma inivasite, zile tarehe tulizijibu kwenye mitihani. Lakini tulipenda sauti ya miaka ya 60 bila kuuliza nani aliisikia ya kwanza, na ilimkuta wapi.

Mama hakuomba tuzime. Alirudisha kiti chake ndani, akasema: "Pigeni tena. Lakini kisha mutuache tuseme." Akasema, na vijana wakanyamaza. Wakati huo tulisikia vizuri kwamba hata Baloji hasifu tu. Jina la wimbo wake linatosha: anauliza siku iliyofuata uhuru.

Tangu hapo kila mukutano una nusu saa ya muziki na maneno. Papa mmoja aliyerudi kutoka Zambia aliomba Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Vijana waliozaliwa kwenye kambi za Zambia wakashangaa kusikia kwamba gitaa ya Katanga ilifika mpaka Nairobi na ikafundisha wengine. Walidhani kwao ni mahali pa kukimbia tu.

Wafadhili wapenzi, kwenye ripoti mnatuuliza ni wangapi walionufaika. Hatujui kiti cha mama tukiandike kwenye safu gani. Lakini wiki iliyofuata alikuja mezani petu, akaomba tusahihishe fishi yake. Jina aliloandikisha halikuwa lake. Alikuwa ameliazima, juu ya jina la baba yake linaonyesha wazi mtu wa wapi. Tumeandika jina lake la kweli, na tunawaambia haya kwa ruhusa yake. Baada yake wengine wawili wamekuja na neno lilelile.

Tunaomba vitu viwili. Wafadhili, mtusaidie spika moja yenye betri, kwa sababu umeme unakatika na jenereta inafunika sauti za wazee. Wanachama, mwenye sahani za zamani au kaseti alete. Na ninyi vijana, mbele ya kupiga, mumuulize kwanza mzee aliye karibu: wimbo huu ulikukuta wapi?