Tusiwaache Wanyamaze: Mada kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza na Walezi Wao, Ifakara



Karibu kila anayekuja Ifakara kusomea udaktari katika chuo cha Mtakatifu Fransisko, kilichoanzishwa mwaka 2010, ametoka shule ambako alikuwa miongoni mwa watatu bora. Wakusanye watu wa namna hiyo katika darasa moja la anatomia: lazima apatikane wa mwisho, na huyo hajawahi kuwa wa mwisho popote. Kwa maoni yangu, kinachowaangusha wengi mwaka wa kwanza si ugumu wa masomo. Ni kunyamaza.

Nianze na homa. Mji wetu uko bondeni, kati ya milima ya Udzungwa na mto Kilombero unaofurika masika. Mpunga unastawi, na mbu pia. Ndiyo maana watafiti wa malaria wako hapa tangu miaka ya 1950, katika maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwenzenu aliyekulia hapa ameugua malaria tangu utotoni, na mwili wake umejijengea kinga kiasi. Aliyelelewa kwenye baridi ya Makete hana kinga hiyo. Homa inaweza kumzidi ndani ya siku chache. Lakini kwa kuwa Jumatatu kuna tesiti, anajifunika shuka, anamtuma mwenzake duka la dawa, anameza vidonge bila kupima. Na hospitali iko jirani, ambako tone moja la damu linatoa jibu kwa muda wa robo saa!

Chandarua kichomekeni chini ya godoro jua linapozama, pande zote, hasa ule wa ukutani ambao wengi huupuuza. Utafiti uliofanyika Kilombero na Ulanga miaka ya 1990 ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Akina mama wa vijiji hivi walilishika somo hilo kabla ninyi hamjazaliwa.

Tesiti ya kwanza nayo ina maumivu yake. Aliyezoea tisini anapata arobaini na mbili. Anaikunja karatasi, anaisokomeza mfukoni, na kesho yake anahamia kiti cha nyuma. Anaona haya kwenda kwenye kikundi; anakesha peke yake akikariri madesa ya waliomtangulia. Mpaka mtihani wa mwisho wa semista unafika, hakuna anayejua amekwama wapi. Sekondari nyingi zimemzoesha kuamini kwamba anayeuliza ndiye mjinga, na imani hiyo haiondoki kwa hotuba ya siku moja.

Kuhusu fedha nitasema moja tu: bumu likiingia, lipa chumba na nunua mchele kwanza, na ukiishiwa mwambie mlezi kabla hujaanza kulala njaa.

Kwa hiyo naomba karatasi za tesiti ya kwanza zirudishwe mkono kwa mkono, mhadhiri akiwa ameketi na mwanafunzi wake, hata kwa dakika tano. Kila chumba cha wapya kipewe kaka au dada wa mwaka wa pili. Na huyo akimkuta mdogo wake amelala mchana, asisubiri kuombwa: ampeleke akapimwe siku hiyohiyo, tesiti iwepo isiwepo.