Neno la Muuguzi ni Sehemu ya Dawa

(Maneno haya yalisemwa na muuguzi mkimbizi mbele ya Kamati, wauguzi na wakaaji wa Nakivale, kwa Siku ya Wauguzi Duniani. Kamati imeomba yachapishwe katika toleo hili la ukumbusho ili wasiokuwapo nao wayasome.)



Tarehe 12 Mei ilichaguliwa kuwa siku ya wauguzi kwa sababu siku hiyo, mwaka 1820, alizaliwa Florence Nightingale, mama Mwingereza aliyewauguza askari katika vita vya Krimea, na ambaye shule yake ya wauguzi ilifunguliwa London mwaka 1860. Watu wengi humkumbuka kwa taa yake. Mimi leo nawakumbusha jambo lingine. Katika kitabu chake juu ya uuguzi alifundisha kwamba kunong'ona karibu na mgonjwa ni ukatili, kwa maana mgonjwa hutega masikio, akijua kwamba anayesemwa ni yeye.

Sisi hapa hatuna haja ya kunong'ona. Muuguzi akisema Kiingereza au Kinyankole kwa sauti kubwa mbele ya mama aliyetoka Masisi au Fizi, mama huyo husikia sauti tu. Kwake ni mnong'ono. Makazi haya yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakianza Wanyarwanda. Leo tuko pamoja Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Kwa hiyo lugha katika matibabu si jambo la pembeni. Ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Ndugu zangu, najua kuna manung'uniko ya pande mbili. Wagonjwa husema wauguzi ni wakali na hawaelezi kitu. Wauguzi husema wagonjwa hawafuati maagizo. Sikuja kuhukumu upande wowote. Nataka kuonyesha mahali neno linapopotea njiani, ili tulirudishe.

Kwanza, neno hupotea kwenye saa. Dawa ya malaria ya mseto, yaani artemether-lumefantrine, hunywewa mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya muda wa masaa nane. Kisha ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Sasa mama amempa mtoto dozi ya kwanza saa nne ya asubuhi. Muuguzi amesema "masaa nane", mama amesikia "saa nane". Atampa mtoto dozi ya pili mchana, baada ya masaa manne tu, na kumbe ilipasa iwe saa kumi na mbili ya jioni. Naye mkalimani anayefikiri kwa Kiingereza anaweza kusema saa mbili ya usiku. Neno moja limezaa nyakati tatu, na kila mtu anaona ametii. Dawa ni hatua ya pili, wenzangu. Hatua ya kwanza ni kumwambia mama: "Jua likizama, mpe tena."

Pili, neno hupotea kwenye chakula. Tumezoea kusema "kutwa mara tatu, baada ya kula". Maneno hayo yanamfaa mtu anayekula mara tatu. Nyumba nyingi hapa hupika mara moja kwa siku, hasa posho inapopunguzwa. Mzee wa nyumba hiyo atakunywa dawa mara moja, kwa sababu amekula mara moja. Hakukaidi. Amefuata maagizo kama alivyopewa. Muuguzi aulize kwanza: "Nyumbani mnakula saa ngapi?" Kisha apange dawa kufuatana na jibu hilo. Na kama dawa yaweza kunywewa bila chakula, aseme hivyo waziwazi.

Tatu, neno hupotea kwenye swali lenyewe. Tukimuuliza mgonjwa "Umeelewa?", atajibu "Ndiyo". Anajibu hivyo kwa heshima, kwa haya, au kwa kuona watu kwenye foleni. Swali hilo halipimi chochote. Njia iliyo bora ni kumwomba arudishe maneno: "Mama, ukifika nyumbani baba wa watoto akikuuliza, utamwambia dawa hii inanywewaje?" Akikosea, muuguzi asimkemee. Aseme, "Labda mimi sikueleza vizuri," aeleze upya, kisha aulize tena. Ni dakika mbili tu, na zinapungua sana kuliko kazi ya kumpokea mtoto huyo akirudi na degedege.

Nne, neno hupotea kwenye jina. Wengi wetu tuliandikwa kuwa tumezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu karatasi zilibaki vitani au hazikuwapo tangu zamani. Majina nayo yanafanana. Muuguzi akiita jina na tarehe tu, wanaweza kusimama watu wawili, au akasimama asiyeitwa. Kabla ya sindano, kabla ya damu, kabla ya dawa, mgonjwa mwenyewe ataje majina yake yote, na namba ya karatasi ya familia iangaliwe. Asiulizwe "Wewe ndiye fulani?" kwa maana mgonjwa mwenye homa hukubali jina lolote.

Tano, neno hupotea wauguzi wanapopokezana zamu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mambo tisa ya kulinda usalama wa wagonjwa, na makabidhiano ya mgonjwa ni mojawapo. Uko utaratibu wa mambo manne ambao ulianzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani na sasa hutumika katika hospitali nyingi: nini kinatokea sasa, nini kilitangulia, mimi naonaje, naomba kifanyike nini. Muuguzi wa usiku akimwita daktari, asiseme tu "Mama wa kitanda cha tatu hajisikii vizuri." Aseme: "Mama huyu amejifungua masaa mawili yaliyopita, damu haijakoma, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, naona ni hatari, naomba uje sasa." Sentensi ya kwanza humwacha daktari ameketi. Ya pili humwinua. Hata gari la kumpeleka mgonjwa Mbarara hutegemea sentensi ya namna hiyo, nayo iandikwe kwenye karatasi anayokwenda nayo.

Sasa naja kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni ukalimani.

Katika kambi moja nilikopita kabla ya kufika hapa, ilikuwa kawaida kumtumia mtoto wa shule amtafsirie mama yake, kwa sababu mtoto ndiye aliyejua Kiingereza. Hebu fikirini. Mama aliyebakwa njiani anatakiwa kulisema jambo hilo kwa kinywa cha mwanawe wa miaka kumi. Je, atalisema? Atasema anaumwa kichwa. Atapewa dawa ya kichwa, atarudi nyumbani. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutakiwa ianze ndani ya masaa 72, na masaa hayo yatakwisha mama akiwa amekaa na aibu yake na vidonge vya kichwa mkononi. Hapo hakuna aliyemnyima dawa. Alinyimwa mtu wa kumsemea.

Huko huko, palikuwa na mkalimani mtu mzima aliyejua lugha vizuri lakini hakujua kufunga kinywa. Siri za chumba cha matibabu zilifika kwenye bomba la maji kabla mgonjwa hajafika nyumbani. Baada ya muda wanawake wa mtaa mzima wakaacha kwenda kupima. Siri moja iliyovuja ilifunga mlango ambao hakuna aliyetangaza kuwa umefungwa.

Wauguzi wenzangu, mkumbuke pia kujitambulisha. Daktari Kate Granger wa Uingereza alipougua saratani aliona kwamba wengi waliomhudumia hawakumwambia majina yao. Mwaka 2013 alianzisha kampeni ya kuwahimiza wahudumu waanze kwa kusema, "Habari, jina langu ni fulani." Alifariki mwaka 2016, na neno lake lingali linatumika. Salamu na jina havihitaji bajeti. Wagonjwa wengi mkimwona asubuhi ni mchovu, nanyi pia mmechoka, nalijua hilo kwa mwili wangu. Lakini uchovu wetu mgonjwa hauoni. Anaona uso tu.

Nanyi wazazi na ndugu wagonjwa, mna kazi yenu. Njooni na karatasi zenu na vidonge mnavyokunywa, hata vya dukani. Mkiwa mmetumia miti shamba, semeni bila woga, kwa maana dawa mbili zaweza kupigana ndani ya tumbo moja. Usipoelewa, sema "Sikuelewa." Si utovu wa adabu. Na muuguzi asitukanwe kwa kosa la foleni ambayo hakuipanga yeye.

Ndugu Mwenyekiti, naiombea Kamati mambo matatu, na ikiwezekana yaamuliwe leo kabla hatujatawanyika.

La kwanza: kila lugha ichaguliwe wakalimani wawili, mwanamke na mwanamume, watu wazima, watakaoapa mbele ya Kamati kutunza siri. Atakayevujisha siri aondolewe mara moja, bila kujali ni ndugu wa nani.

La pili: mtoto asitumiwe tena kumtafsiria mzazi, isipokuwa mtu anakufa na hakuna mwingine karibu.

La tatu: awekwe mjumbe mmoja wa kupokea malalamiko, ya wagonjwa na ya wauguzi pia, akutane na mkuu wa kituo kila mwezi. Anayelalamika asihofie kunyimwa huduma kesho yake.

Tulipokimbia tuliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wetu. Lugha zetu tulifika nazo. Isiwe hizo ndizo zinazotuua hapa tulipokuja kutafuta uzima.

Namwachia Mwenyekiti aongoze maamuzi.