Bawa la Kuku na Neno "Ili"

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa popo ni wa kundi gani, hujibu mamalia na kupata alama yake. Akiulizwa amejuaje, husema ndivyo mwalimu alivyoandika ubaoni. Hoja yangu jioni hii ni kwamba jibu la pili linaitia dosari alama ya jibu la kwanza. Uainishaji wa wanyama ni hukumu ya kesi iliyosikilizwa na mashahidi wakahojiwa, na faili lake linaweza kufunguliwa tena shahidi mpya akijitokeza. Mtoto anayesomewa hukumu bila mwenendo wa kesi ameambulia jina tu.

Mashahidi hawako mbali. Mmoja yumo sahanini. Chukua bawa la kuku lililochemshwa uliondoe nyama. Kutoka begani kuna mfupa mmoja mnene. Kwenye kiwiko unapokewa na mifupa miwili iliyolala sambamba, mmoja mwembamba kuliko mwenzake. Kisha vinakuja vifupa vya kifundo, na nchani, pale ambapo walaji wengi hutupa, yapo masalia ya vidole vitatu, kimoja kidogo kama punje ya mchele. Mtoto akiupapasa mkono wake mwenyewe atakuta mpango uleule: mmoja, miwili, vifupa vya kifundo, vidole. Sasa aonyeshwe mchoro wa bawa la popo. Mpango haujabadilika, ila mmoja wa ile mifupa miwili umesinyaa, na vidole vinne vimerefuka kupita kiasi, ngozi imetandazwa kati yake kama kitambaa cha mwavuli juu ya njiti, na kidole gumba kimebaki huru na ukucha wake. Mwishowe aletewe bawa la panzi, alipasue atakavyo: hakuna mfupa hata mmoja. Katika somo hilo moja mtoto amekutana na mambo mawili ambayo vitabu vingi huyachanganya. Kuna mfanano wa ukoo na kuna mfanano wa kazi. Kama mikono, kiungo cha kuku, cha popo na cha mtoto ni urithi mmoja. Kama mabawa, kuku, popo na panzi kila mmoja amelipata lake kwa njia yake. Hata mtaani tunajua kwamba wachukuzi wawili wenye mabega mapana si lazima wawe ndugu, na kwamba ndugu wa baba mmoja, huyu mvuvi na yule karani, hutambulika kwa pua.

Anayedhani mfano huo ni mwepesi mno amtazame pimbi. Kwa umbo na ukubwa, kila mtu angemweka na sungura. Lakini fungua kinywa: meno mawili ya mbele ya juu hukua maisha yote, na pembe za tembo nazo ni meno hayohayo ya mbele, tofauti na za ngiri ambazo ni chonge. Vidole vyake vingi vina kucha bapa zinazokaribia kwato. Mimba yake huchukua zaidi ya miezi 7, ilhali ya sungura huchukua kama mwezi mmoja. Wataalamu walishamshuku pimbi kuwa ni wa ukoo wa tembo na nguva kwa ushahidi wa maumbile, na katika miaka ya 1990 chembe za urithi zikautilia nguvu. Zikafanya na zaidi: zikamwingiza ukooni muhanga, zikamtoa sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, kwa virukanjia alikokuwa amewekwa, zikamleta nyumbani kwa tembo. Kama uainishaji ungekuwa orodha ya kukariri, uhamisho huo ungekuwa aibu kwa sayansi. Kwa kuwa ni hoja, ndiyo sifa yake.

Kwenye mabadiliko ya viumbe tunakosea zaidi, na kosa limejificha katika neno dogo. Tunaandika: twiga ana shingo ndefu ili afikie majani ya juu. "Ili" hudai nia, na hapo hapakuwa na mwenye nia. Sentensi iliyo sahihi ni ndefu: miongoni mwa wahenga wa twiga, waliozaliwa na shingo ndefu kidogo waliishi vizuri zaidi, wakaacha watoto wengi zaidi, na watoto wakairithi shingo. Shingo hiyo ina pingili 7, kama ya panya na kama ya mwalimu anayefundisha. Zilirefuka zilezile za zamani. Hata hivyo, bado hatujathibitisha kwamba majani ndiyo sababu. Mwaka 1996 Robert Simmons na Lue Scheepers walidai kwamba shingo ilikua kwa sababu madume hupigana nazo wakigombea majike. Mwaka 2007 Elissa Cameron na Johan du Toit walichapisha jaribio la Afrika Kusini: walizungushia miti uzio wanyama wafupi wasifikie majani ya chini, na baada ya msimu mzima wa kuchipua, ile faida ya kula juu ikatoweka. Huo ni ushahidi kwamba kula juu humwepusha twiga na ushindani, ingawa haufungi mjadala wa chanzo. Mtoto anastahili kuusikia mvutano huo, maana ndipo atakapoona kwamba maelezo yanayopendeza bado yanadaiwa jaribio.

Wapo watakaosema haya ni mazito kwa watoto. Mtoto anayezungumza Kiswahili husema "kiboko amelala", hasemi "kimelala". Husema "kipepeo ameruka" ingawa neno limevaa ki- kama kiti na kikombe. Kabla hajaanza darasa la kwanza anajua kwamba sura ya nje haitoshi kumpanga kiumbe. Wengine watahofia imani ya familia. Hofu hiyo haifai kubezwa, lakini Linnaeus, aliyemhamisha nyangumi kutoka kwa samaki kwenda kwa mamalia mwaka 1758, alikuwa mcha Mungu na aliandika karne nzima kabla ya kitabu cha Darwin cha 1859. Mwalimu haombwi kuhojiana na dini ya mtoto. Anaombwa aionyeshe mifupa, na aseme kwa uaminifu wanasayansi wamehitimisha nini na kwa nini.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la mtihani, kwa sababu mwalimu mwenye darasa lililofurika hufundisha kinachoulizwa. Basi tubadili kinachoulizwa. Tuchore kiungo cha mnyama asiyetajwa jina, tumwombe mtahiniwa aseme ni ndugu wa nani kati ya watatu tunaompa, alama moja. Ataje ushahidi mmoja anaouona kwenye mchoro, alama mbili. Na aeleze angetaka kuona nini kingine kabla ya kuamini jibu lake, alama mbili.