Vitabu Tulivyovaa



Kamati imetuomba tuseme maneno machache juu ya kusoma, kwa kuwa wazee wa hapa Tanga wanaikumbuka nyumba yetu kuwa nyumba ya vitabu. Tumekubali kwa furaha, ingawa tunakiri tangu mwanzo kwamba masomo yetu yaliishia sekondari, na umri wetu tumeumaliza nyuma ya meza ya duka tukipima vitambaa. Tutakayoyasema si elimu ya wasomi. Ni habari ya nyumba moja, na ya deni moja ambalo nyumba hiyo haijalilipa.

Babu yetu alitoka Porbandar, katika rasi ya Kathiawar, akavuka bahari kwa jahazi akiwa na sanduku moja la bati. Ndani yake, pamoja na nguo zake, mlikuwa na vitabu viwili: Ramayana, na kisa cha Sudama kilichotungwa na Premanand, mshairi Mgujarati wa karne ya 17. Watu wa Porbandar humhesabu Sudama kuwa mtu wa mji wao, na hekalu lake liko huko hadi leo. Kisa chenyewe wengi wenu mnakijua. Maskini mmoja anakwenda kumtembelea rafiki yake wa utotoni, Krishna, ambaye sasa ni mfalme. Hana zawadi ila konzi chache za mchele uliopondwa, alizozifunga katika kitambaa kikuukuu, na anaona haya kuzitoa. Krishna anamwosha miguu, kisha anamnyang'anya kile kifurushi na kula kwa furaha.

Mama yetu, tuliyemwita Ba, alikuwa akitusomea kisa hicho usiku, duka likishafungwa. Siku moja mdogo wetu alichukua kitambaa cha jikoni, akafunga mchele ndani yake, akajitokeza mlangoni amejikunyata kama Sudama. Baba yetu, Bapuji, hakucheka. Aliinuka, akaleta maji katika bakuli, akamwosha mtoto miguu. Tangu usiku huo ikawa desturi ya nyumba yetu kwamba kitabu hakisomwi tu, bali pia huvaliwa.

Desturi hiyo ilikuwa na sheria zake. Aliyemaliza kitabu alipata haki ya kuvaa mavazi ya mtu mmojawapo wa kitabu hicho siku ya Jumamosi usiku. Aliketi kitini katikati ya sebule, akaulizwa maswali matatu, naye alipaswa kuyajibu kama angejibu yule mtu wa kitabuni. Aliyeshindwa kujibu alivua nguo, akarudi kusoma. Hapakuwa na sheria nyingine. Hakuna aliyeulizwa ana umri gani, wala anafanana na nani. Aliyesoma ndiye aliyevaa.

Ba aliipenda desturi hii, maana yeye alikuwa msomaji wa hadithi za watoto za Gijubhai Badheka. Mwalimu huyo alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1907 kutafuta kazi, kisha akarudi India, na mwaka 1920 akaanzisha shule ya watoto wadogo huko Bhavnagar. Aliamini kwamba mtoto hufundishika kwa hadithi, kwa mchezo na kwa maigizo, wala si kwa fimbo. Wagujarati walimpenda hata wakampa jina la mama mwenye masharubu.

Mavazi yetu yalitokana na vipande vya mwisho wa jora ambavyo havikuweza kuuzwa. Mshonaji wake alikuwa fundi cherehani wa barazani kwetu, Mbondei kutoka upande wa Muheza, tuliyemwita Babu Fundi. Yeye hakujua Kigujarati, na hakukubali kukata kitambaa kabla hajasimuliwa kisa. Alikuwa akiuliza, "Mtu huyu ni nani, na ana nini moyoni?" Hivyo ikatubidi kumsimulia Rama na Sita, Hanumani na Ravana, Sudama na Krishna, kwa Kiswahili. Ufasaha mdogo tulio nao wa lugha hii tuliupata pale, kando ya cherehani, na tunamshukuru hadi leo.

Naye hakupokea bila kutoa. Siku moja alileta kitabu cha Shaaban Robert, mzaliwa wa hapa kwetu Tanga, kiitwacho Adili na Nduguze. Humo liwali Adili analazimika kuwachapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake waliomsaliti. Sisi tulikuwa ndugu watatu. Tuligombana juma zima juu ya nani awe Adili, kwa maana waliosalia wangekuwa manyani! Kaka yetu mkubwa, Motabhai, ndiye aliyeshinda, na Babu Fundi akatushonea sisi wengine mikia ya kaki. Jumamosi ilipofika, Bapuji aliwauliza manyani, "Mlipomsaliti ndugu yenu, alikuwa amewakosea nini?" Tulitafuta jibu, hatukulipata. Usiku ule tulielewa kwamba aliyetenda ubaya huenda asijue hata yeye sababu yake. Neno hilo tunaomba mlikumbuke, kwa kuwa tutalirudia.

Mwaka 1971 majengo mengi yalitaifishwa, na jamaa zetu wengi wakafunga safari kwenda Uingereza na Kanada. Hawakuweza kubeba kila kitu. Waliokuwa wakiondoka walituletea vitabu vyao, mmoja kapu, mwingine kasha, hata nyumba yetu ikajaa vitabu vya watu ambao hatukuwaona tena. Sisi tulibaki. Bapuji alisema kwamba mtu aliyeachiwa vitabu vyote hivi hana ruhusa ya kuondoka kabla hajavisoma.

Baada ya miaka michache, shule aliyosoma Motabhai iliamua kuigiza Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Mwalimu Nyerere na kutolewa mwaka 1969. Motabhai alipewa nafasi ya Shailoki. Hakuiomba. Aliambiwa mbele ya darasa kwamba kwa sura yake na kwa duka la baba yake, hahitaji hata mavazi. Darasa zima lilicheka. Alirudi nyumbani akasema kwamba hatarudi tena shuleni.

Bapuji alinyamaza, maana neno lile lilimchoma yeye pia. Aliyezungumza ni Babu Fundi. Alimwuliza kaka yetu, "Umekisoma mpaka mwisho?" Motabhai akasema hajakisoma. "Basi unamkataa mtu usiyemjua, kama walivyokufanyia wewe." Usiku ule tulianza kukisoma kwa sauti, Babu Fundi akiwa nasi. Tulimkuta Shailoki akidai ratili ya nyama ya mwenzake, na hapo hatukumtetea. Lakini tulimkuta pia akitemewa mate njiani, na kukimbiwa na binti yake wa pekee. Babu Fundi alitwambia tutazame hata jina la kitabu: halisemi bepari, linasema mabepari, hivyo Antonio naye yumo.

Jumamosi Motabhai aliketi kitini amevaa koti refu jeusi la Shailoki. Bapuji aliuliza swali la kwanza, "Nani alikutemea mate?" Akajibu. La pili, "Ratili ile ya nyama ingekufaa nini?" Akajibu. La tatu, "Mwanao yuko wapi?" Motabhai alifungua kinywa, akalia. Siku ya maonyesho ukumbi ulianza kwa kicheko, ukamaliza kwa kimya. Hatusemi kwamba watu wote walibadilika. Kesho yake wapo waliomwita bepari kama kawaida. Lakini mwanafunzi mmoja kati ya waliocheka alikuja dukani kuazima kitabu, na alikirudisha.

Mwaka huohuo, wakati wa Krismasi, kanisa la akina Babu Fundi liliandaa igizo la kuzaliwa kwa Yesu. Walikuwa na upungufu wa Mamajusi, wakamwomba mdogo wetu. Hakuna aliyeuliza anasali wapi. Walimpa dhahabu aibebe, na mzee mmoja akatania kwamba mtoto wa dukani hawezi kuipoteza. Tulicheka sote, na kicheko kile hakikutuumiza.

Sasa tumefika kwenye deni letu.

Babu Fundi alikuwa na mjukuu, rika la mdogo wetu, aliyekuwa akija kwetu kila Jumamosi. Alisoma vitabu vyetu vya Kiswahili, kisha akaanza vile vya picha vya Amar Chitra Katha, vilivyotoka Bombay. Kabla ya Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, alikuwa amemaliza kitabu cha Krishna, tena kwa kukirudia. Kwa sheria ya nyumba, Krishna alikuwa wake. Babu yake akakata kitambaa cha njano, akaanza kushona.

Lakini jamaa zetu walikuwa wakija siku hiyo. Mmoja wao aliposikia, aliuliza watu watasema nini wakimwona Krishna wa namna ile. Hatumtupii lawama jamaa huyo. Nyumba ilikuwa yetu na sheria ilikuwa yetu, na sisi sote, wakubwa kwa wadogo, tulinyamaza. Mtoto wa mgeni, ambaye hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja, alipakwa poda usoni akavikwa taji lenye unyoya wa tausi. Mjukuu wa Babu Fundi tulimpa kitambaa kikuukuu na mchele, tukamwambia awe Sudama.

Mabibi na mabwana, jina la Krishna katika Kisanskriti maana yake ni mweusi. Kila mmoja wetu alilijua hilo. Ni miezi michache tu tangu kaka yetu alipolia sebuleni humohumo kwa kuwa alipewa nafasi kwa sura yake, nasi tukamnyima mtoto mwingine nafasi kwa sura yake.

Mtoto yule hakukataa. Aliketi kitini akaulizwa maswali. Swali la tatu lilitoka kwa Bapuji: "Sudama, ulipomwendea rafiki yako, ulitaka nini?" Mtoto akajibu, "Nilitaka anitambue." Jumamosi iliyofuata hakuja. Hakuja tena.

Babu Fundi aliendelea kushona barazani kwetu kwa miaka mingi, na hakutamka neno. Alipofariki, tulifungua lile sanduku la bati tulimoweka mavazi, tukaikuta nguo ya njano chini kabisa, imekunjwa. Alikuwa ameimaliza. Sisi ni watu wa vitambaa, tukaigeuza kutazama ushonaji wake. Pindo lake lilikuwa na akiba ya karibu shubiri nzima, ili iweze kufumuliwa kadiri mtoto anavyokua. Alikuwa ametegemea kwamba mwakani tutamwita. Mwaka ule ukaja, na mingine ikaja, nasi hatukumwita.

Mtoto huyo sasa ni babu mwenye wajukuu, na ni jirani yetu. Kabla ya kukubali kusema hapa tulikwenda kwake, tukamwomba radhi, kisha tukamwomba idhini ya kulisimulia jambo hili. Alinyamaza kitambo, akasema, "Semeni, ila jina langu msilitaje. Na ile nguo mpeni mtoto aliyesoma."

Basi tumeleta leo lile sanduku, na vitabu vilivyomo nyumbani, viwe mali ya ukumbi wa hekalu hili, visomwe na watoto wa waumini na watoto wa majirani. Tunaomba kamati iyapokee pamoja na sheria yake: aliyesoma ndiye atakayevaa. Janmashtami ijayo, nguo ya njano itatolewa sandukuni na kufumuliwa pindo. Mtoto atakayekuwa amemaliza kitabu ataivaa, awe wa nyumba yoyote, kisha sisi wazee tutamwuliza maswali matatu.

Mwenyezi Mungu alibariki hekalu letu, na awabariki majirani waliotuvumilia.