Kizazi Kikirudi Kushuka, Tusinyamaze

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Khayega)

Leo tunaongea juu ya jambo ambalo wengi hulificha hata kwa bwana zao: kizazi kushuka.

Ndani ya nyonga kuna misuli inayoshikilia mfuko wa uzazi, kibofu na utumbo. Kuzaa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, mizigo mizito, kikohozi kisichoisha na umri huilegeza. Ndipo mama huhisi kitu kinateremka ukeni. Si laana, wala si ugonjwa wa zinaa.

Wako waliopasuliwa wakapona. Wako ambao baada ya miaka hali ilirudi. Hapo mama husema, "Basi, yangu yameisha." Hapana! Hujakosa kitu. Rudi hospitali. Mukumu ni hapa karibu, na hospitali kuu ya Kakamega si mbali. Anzia huko, na ikihitajika watakutuma mbele.

Njia ni tatu. Kwanza, mazoezi: kaza misuli kama mtu anayezuia mkojo, hesabu mpaka 5, legeza. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Pili, pete laini inayowekwa ukeni kuinua kizazi. Hutolewa na kuoshwa. Tatu, kupasuliwa tena. Siku hizi kuna upasuaji wa matundu madogo. Daktari hutoboa tumbo mahali pachache, huingiza kamera ndogo, kisha hushikiza sehemu ya juu ya uke kwa wavu kwenye mfupa wa chini ya mgongo. Vidonda ni vidogo, na mama hurudi nyumbani mapema. Lakini unataka daktari aliyefunzwa kazi hiyo, na haupatikani kila hospitali.

Wavu unaopitishwa ukeni ni jambo lingine. Mwaka 2019 Marekani iliamuru usiuzwe tena kwa kazi hii, kwa sababu usalama wake haukuthibitishwa. Kwa hiyo uliza kwanza, ndipo utie sahihi.

Sasa wazee, mama akitoka hospitali asibebe kuni wala mtungi wa maji kwa wiki 6 au zaidi. Nani atabeba? Ni sisi! Vikundi navyo tupange zamu kama tunavyopanga kulima, na nauli itoke kwenye mfuko wa kikundi. Mama akipona halafu arudie gunia wiki ile ile, tumefanya kazi ya bure.