Sinema za Safari za Hatari na Watoto Wetu Wadogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Kanyenye, Tabora)



Mwezi uliopita halmashauri yetu ilishindwa kukata shauri juu ya jambo lililoonekana kuwa dogo. Ilikusudiwa kuwaonyesha watoto wa wanachama sinema moja wakati wa likizo, na sinema iliyochaguliwa ni ile iitwayo "Stanley and Livingstone", iliyotengenezwa Marekani mwaka 1939. Walioitaka walisema kwamba yahusu njia yetu ya misafara, nasi tu jirani wa Kwihara, ambako mabwana hao wawili walikaa. Walioikataa walisema kwamba ina mikuki, bunduki na magonjwa, na baadhi ya watoto wetu hawajatimiza miaka 5. Nikaombwa niitazame, kisha nilete maoni. Nimeitazama mara mbili: mara ya kwanza peke yangu, na mara ya pili pamoja na mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 9.

Kwanza nataka tuliangalie neno lenyewe "haifai". Neno hili lina historia mbaya. Zamani za utawala wa Waingereza, katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati, wakaguzi wa sinema walizitenga picha ambazo Mzungu aliruhusiwa kuzitazama na Mwafrika akakatazwa. Mtu mzima mwenye mke, watoto na kazi ya serikali alihesabiwa kuwa sawa na mtoto. Kwa hiyo sisi, tukilitumia neno hilo kwa watoto wetu wenyewe, yatupasa tutoe sababu. Kukataza bila sababu ni urithi tusioutaka.

Yako pia makosa ya upande wa pili, nami naungama kwamba nimeyatenda. Binti yangu alipokuwa na miaka 5 nilimpeleka kutazama sinema ya safari za msituni. Niliambiwa kwamba haina damu, nami nikaridhika, wala sikuitazama kabla yake. Kweli haikuwa na damu. Lakini katikati ya hadithi baba mmoja alianguka bondeni, na wenzake wakamwacha wakidhani amekufa. Mwishoni alirudi salama na watu wote wakashangilia. Mimi nilitoka nimefurahi. Binti yangu hakuwaogopa simba wala mamba; alimwogopa baba aliyeachwa. Tangu siku ile, kila niliposhika mkoba kwenda stesheni kwa safari ya kazi, alinifuata mpaka mlangoni akishika nguo yangu na kulia. Mambo hayo yalidumu miezi mingi. Mimi niliyekagua barua za watu wengine neno kwa neno nilikuwa nimetia sahihi hati nisiyoisoma.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1933 vilitolewa Marekani vitabu vya uchunguzi juu ya watoto na sinema, na kimoja kilihusu usingizi wao. Viliwekwa vyombo vya kupima jinsi mtoto ajigeuzavyo kitandani usiku, ikaonekana kwamba baada ya kutazama sinema fulani baadhi ya watoto walihangaika zaidi kuliko usiku mwingine. Tena mwaka 1986 wataalamu wawili, Sparks na Cantor, walichapisha habari za watoto waliotazama hadithi ya mtu mpole ageukaye kuwa jitu la kijani ili kuwasaidia wanyonge. Watoto wakubwa walielewa kwamba jitu lile ni mwema. Wale wadogo, wa miaka 3 mpaka 5, waliogopa zaidi pale pale jitu lilipotokea, maana mtoto mdogo huhukumu kwa sura aionayo. Mkubwa huogopa jambo liwezalo kutokea kweli. Mdogo huogopa linaloonekana baya, hata kama haliwezekani. Tena mwisho mwema haumfai sana mtoto mdogo, kwa sababu hajui bado kuubeba mwanzo wa hadithi mpaka mwisho wake. Hushika kipande kimoja akaenda nacho kitandani.

Hiyo ndiyo hatari ya kwanza, nayo ni hofu. Lakini iko hatari ya pili, ambayo wakaguzi wengi huisahau. Mwaka 1984 ilitoka Marekani sinema ya safari za hatari iitwayo "Indiana Jones and the Temple of Doom". Ilipewa idhini ya kutazamwa hata na watoto, wazazi wakishauriwa kuwaongoza. Ndani yake mtu mmoja ang'olewa moyo kwa mkono. Wazazi wakalalamika, na mwaka huo huo likaanzishwa daraja jipya la kuwaonya wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13. Lakini sinema hiyo ilikuwa na kosa jingine. Serikali ya India ilikuwa imekataa isipigwe nchini mwake, kwa sababu ya jinsi ilivyowaonyesha Wahindi, na watengenezaji wakaenda kuipiga Sri Lanka. Angalieni sasa: kosa la kutisha likapata daraja lake, kosa la kudharau watu halikupata daraja lolote.

Narudi kwenye sinema yetu. Kwa upande wa hofu, haikuzidi kiasi. Ni picha isiyo na rangi, na muda wake wapita kidogo saa moja na nusu. Wako watu wenye mikuki wanaoivamia safari, nayo yaweza kumshtua mtoto mdogo. Kwa mtoto wa miaka 10 hilo si tatizo kubwa.

Kwa upande wa ukweli, yataka mtu wa kuieleza. Bwana Spencer Tracy, aliyeigiza kama Stanley, hakuja Afrika kwa kazi ile. Picha za nyika zilipigwa Afrika Mashariki na kundi jingine, wakitumiwa watu waliovalishwa kama yeye. Mwenzake wa safari, mzee mchekeshaji kutoka Marekani, ametungwa tu. Hata yule bibi kijana wa Unguja ametungwa. Hayo si dhambi, maana hadithi ni hadithi. Shida nyingine mjukuu wangu aliiona kabla yangu. Tulipofika nusu alinigusa mkono akaniuliza, "Babu, hawa wanaobeba mizigo wanaitwa nani?"

Sikuwa na jibu ndani ya sinema. Wapagazi wale, isipokuwa mmoja au wawili, hawana majina wala neno la kusema. Hupita wakiwa na mizigo vichwani, hukimbia panapo hatari, kisha hupita tena. Nikafikiri: kama mtoto wa Kanyenye hakuwa na mtu wa kumwuliza, angekwenda nyumbani na fundisho gani? Angejifunza kwamba katika njia hii walipita mashujaa wawili, na wengine wote walikuwa kama miti ya porini. Na wengine wote hao ndio babu zake.

Hofu ya binti yangu niliiona kwa macho, nikaweza kuituliza. Dharau haina kilio. Mtoto huimeza akicheka, na mzazi hajui.

Nikaizima sinema, nikamweleza mambo ninayoyajua. Nilimwambia kwamba Stanley alifika Kwihara mwezi wa Juni 1871, baada ya kutoka Bagamoyo na watu karibu 190, na kwamba mmoja wa viongozi wa watu wale aliitwa Bombay. Nilimwambia kwamba mwezi wa Agosti mwaka huo majeshi ya Mirambo yaliuingia mji wa Tabora na kuchoma sehemu yake, wakati Stanley yuko Kwihara akijilinda ndani ya tembe. Katika chumba hiki, Mabwana, huenda wamo wajukuu wa rugaruga wa Mirambo, na wajukuu wa watu waliochomewa nyumba zao. Mtu aitwaye "adui" katika sinema ya namna hii ni babu wa mtu fulani. Nilimweleza pia habari ya mtoto mdogo, Ndugu Mhali, mtumwa ambaye mfanyabiashara mmoja Mwarabu wa hapa Unyanyembe alimpa Stanley. Stanley akambadili jina akamwita Kalulu, akamchukua mpaka Uingereza, na mwaka 1873 akatoa kitabu cha hadithi kwa vijana chenye jina hilo. Mtoto yule alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877. Hapo mjukuu wangu alinyamaza kitambo.

Kisha nikamsimulia safari nyingine, ambayo naiona kuwa kubwa kuliko ile ya sinema. Livingstone alikaa Kwihara mpaka Agosti 1872, akaondoka, akafa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo Zambia siku hizi. Watu wake, miongoni mwao Susi, Chuma na Jacob Wainwright, waliuzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani. Mwezi wa Oktoba walifika hapa Kwihara, wakamkuta Mwingereza Cameron. Yeye aliwashauri wauzike mwili papo hapo. Wakakataa. Mbele ya safari, walipoona kwamba vijiji havitawaruhusu kupita na maiti, waliufunga ule mwili kama mtumba wa nguo, wakatangaza kwamba maiti imerudishwa nyuma. Wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Hakuna aliyewalazimisha, wala bwana wao hakuwa hai wa kuwalipa mshahara. Hiyo, Mabwana, ni safari ya hatari iliyopita karibu na milango yetu. Wala haimfai mtoto wa miaka 4, kwa maana ina maiti ndani yake. Kwamba hadithi ni yetu haitoshi kuifanya iwafae watoto wote.

Msidhani kwamba Mwafrika hana njia ya kusimama katika picha akiwa mtu kamili. Marehemu Rashidi Kawawa, aliyesoma hapa Tabora, aliigiza katika sinema ya Kiswahili "Muhogo Mchungu" mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baadaye akawa rais wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Mtu huyo mmoja alijua kazi ya sinema na kazi ya chama.

Wengine watasema, "Tunayo Bodi ya Filamu, iliyowekwa kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, nasi tuiachie." Bodi ina kazi yake, nasi twaiheshimu. Lakini sinema siku hizi imo ndani ya simu, imo katika vibanda vya video, na mtoto aweza kuitazama chini ya shuka. Tena Bodi hupima kwa ajili ya watoto wa nchi nzima. Haijui kwamba mtoto wa karani fulani amefiwa na mamaye mwaka huu, au kwamba mwingine haogopi kitu ila moto. Mzazi ndiye ajuaye.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mapendekezo manne:

1. Watoto walio chini ya miaka 7 wasionyeshwe sinema hii. Wakati ule ule wasimuliwe hadithi za sungura na fisi katika chumba kingine, wasione kwamba wamefukuzwa.

2. Wenye miaka 7 mpaka 10 waitazame wakiwa na mzazi au mlezi wao aliyeketi kando yao. Picha isimamishwe katikati ili waulize maswali. Mtoto atakaye kutoka na atoke, wala asichekwe wala asiitwe mwoga.

3. Waliozidi umri huo waelezwe kabla ya kuanza ni mambo gani ya kweli na ni yapi yaliyotungwa. Asubuhi ya pili tuwachukue Kwihara, wakaione tembe iliyojengwa upya, na hapo wasimuliwe habari za Susi na Chuma.

4. Tangu leo kila sinema ya watoto itazamwe kwanza na wanachama wawili mpaka mwisho, mmoja wao akiwa mama mwenye watoto wadogo. Waandike mistari mitatu katika faili: ni jambo gani litishalo, ni watu gani wanaodharauliwa, na ni nani atakayejibu maswali ya watoto.

Najua umri si kipimo kamili. Yuko mtoto wa miaka 6 aliye imara, na yuko wa miaka 11 asiyelala baada ya kusikia bundi. Lakini chama hakiwezi kumpima kila mtoto. Chaweza kuweka mpaka, kisha mzazi akaupunguza kwa jinsi amjuavyo mwanawe. Kuuongeza mpaka si shida, ila asiulegeze kwa sababu tu ya kuchoshwa na kilio cha "mbona wenzangu wametazama".

Siku ya pili yake mjukuu wangu alitaka tuimalize sinema. Tukaimaliza. Kila wapagazi walipopita alinyosha kidole akasema, "Huyu Susi, huyu Chuma, huyu Bombay." Hakupatia, maana Susi na Chuma hawakuwa watu wa Stanley. Sikumsahihisha papo hapo. Nilifurahi kwamba amewaona.

Mabibi na Mabwana, hayo ndiyo maoni yangu. Naomba yajadiliwe, na nilipokosea nisahihishwe.