Maneno juu ya Kufuga Bata Karibu na Nyumba

Leo sitasema juu ya mahindi wala juu ya muhogo. Nataka kusema juu ya bata. Katika vijiji vyetu vilivyo karibu na mashimo ya shaba watu wengi wanafuga kuku tu. Halafu ugonjwa unaingia wakati wa kipwa, na kwa siku chache mji mzima hauna jogoo wa kuwika. Bata hafi upesi kwa ugonjwa ule. Anaweza kuuchukua mwilini na kuwapa kuku, kwa hiyo msiwalaze nyumba moja. Lakini yeye mwenyewe mara nyingi anabaki mzima. Siku kuku wanapokwisha, mwenye bata sita bado ana nyama ya watoto wake.

Bata ninayesema ni yule mwenye nyama nyekundu usoni, asiyepiga kelele, anayepumua tu kama nyoka. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini amezoea sana nchi yetu. Chukua dume mmoja na majike manne au matano. Dume asiwe ndugu yao. Mbadilishane na watu wa kijiji kingine. Majike wanaruka vizuri, basi ukate manyoya marefu ya bawa moja. Moja tu, mama, si yote mawili: akikatwa moja anapinda hewani na kuanguka.

Ziwa lenyewe si kazi kubwa. Hatua tatu kwa nne, kina cha goti, latosha. Usilichimbe kando ya kisima cha kunywa, maana mavi ya bata yataingia kisimani. Udongo wetu mwekundu unakunywa maji. Chukua ule wa kichuguu mnaofyatulia matofali, uuponde, uuloweshe, uukanyage chini na kando mpaka ushikane kama sakafu. Upande mmoja uwe mteremko, ili vifaranga wapate kutoka. Maji yakianza kunuka, yachote uyamwage katika bustani, lengalenga itayapenda.

Sasa neno la maji, na hapa ninawaomba msikie sana. Mtu anayekaa karibu na mahali wanapoosha mawe ya shaba na kobalti, au kando ya mto unaopokea maji ya kiwanda, asiyaongoze maji yale katika ziwa lake, wala asiwaache bata kwenda huko. Pengine yanaonekana safi kabisa. Lakini kazi ya bata ni kuchokora matope kwa mdomo, na vumbi la madini linalala katika matope. Linaingia mwilini mwake, na kisha katika sahani ya mtoto wako. Kuchemsha hakuliondoi. Mtu atauliza: mbona bata wa jirani wanaogelea huko na hawafi? Ndugu yangu, bata kutokufa si alama ya maji mazuri. Afadhali ziwa dogo la maji ya mvua. Na kipwa likikauka, usiogope: weka beseni la maji safi linaloweza kufunika kichwa chake, aoshe macho na pua. Bata anaishi bila ziwa, lakini haishi bila maji.

Mchana atajitafutia majani, konokono, panzi na mchwa. Jioni umpe pumba ya mahindi uliyoichanganya na maji, maana kavu inamkaba kooni. Asiyemlisha jioni asishangae bata akilala porini.

Lakini pumba yenye ukungu, au karanga zilizooza, usimpe hata kidogo. Mwaka wa 1960, katika Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula cha karanga zenye sumu ya ukungu, na vifaranga wa bata pia walikufa. Sumu ile inaua ini, na ini la mtu vilevile. Kile unachomkataza bata, usikisage kwa bukari yako.

Jike akitaka kutaga, mpe pahali pa giza penye majani makavu. Analalia siku 35. Wengi wanahesabu siku 21 kama za kuku, wanasema mayai yameoza, wanayatupa, na vifaranga walikuwa hai ndani! Mayai ya bata waweza kumpa kuku alalie, lakini usiwaache vifaranga wale kuingia ziwani mapema. Bata mama anawapaka mafuta ya manyoya yake; kuku hawapaki hivyo, nao wataloa na kufa kwa baridi. Wangoje mpaka manyoya ya kweli yaote.

Usiku wafunge wote. Kicheche hali mmoja akashiba. Anaua nyumba nzima. Mchana mwewe anatafuta wadogo, basi wiki za kwanza wakae chini ya kitunga kikubwa kilichosukwa wazi.

Dume wa miezi minne amekwisha kuwa na nyama ya kuuza. Siku ya mshahara katika kambi za wachimbaji ndiyo siku yake. Mpeleke alfajiri, katika kikapu chenye majani, wala usimning'inize kwa miguu njia nzima: akifika amechoka, mnunuzi ataona mgonjwa na kukupunguzia franka.